Taa kuwaka si uthibitisho kwamba maji ni salama
Umeuliza kama taa ya urujuanimno (UV, mionzi isiyoonekana inayodhibiti vijidudu majini) uliyoikuta kwenye mtambo wa maji wa nyumba uliyopanga ibadilishwe ilhali bado inawaka. Kama hakuna kumbukumbu ya tarehe ilipowekwa, ibadilishe, kwa sababu nyingi hukadiriwa kudumu takriban saa 9,000, yaani mwaka mmoja bila kuzimwa, na baadaye mwanga wa buluu huendelea kuonekana huku nguvu ya kudhibiti vijidudu ikiwa imepungua. Zima umeme, funga maji, kisha uchomoe bomba la kioo linaloizunguka taa. Ukiona utando mweupe wa chokaa, ufute taratibu kwa kitambaa laini kilicholoweshwa siki, wala usiishike taa mpya kwa vidole vitupu. Kuhusu gharama, mwandikie mwenye nyumba mkubaliane kwanza. Hadi taa itakapobadilishwa, tafadhali chemsha maji ya kunywa.