Si lazima uwe raia kufanya mtihani wa redio ya ridhaa Marekani

Ndugu, kupata leseni ya redio ya ridhaa, yaani mawasiliano ya redio kwa kujifurahisha na si kwa biashara, uraia hauhitajiki, wala green card (kibali cha ukaazi wa kudumu). Anayezuiwa ni mwakilishi wa serikali ya kigeni tu. Nenda na pasipoti yako ya Tanzania, inakubalika kama kitambulisho.

Kabla ya siku ya mtihani jisajili kwenye tovuti ya FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, upate namba yao ya usajili, FRN. Hapo wengi hukwama kwa kudhani bila namba ya Social Security (hifadhi ya jamii ya Marekani) hawapati, kumbe fomu ina sehemu ya kueleza kwa nini huna. Cha lazima ni anwani ya posta ya Marekani na barua pepe unayoifungua kweli, maana leseni huja kwa njia hiyo.

Watahini ni wanaredio wenzako wanaojitolea, wasiopungua watatu, na wanasahihisha papo hapo. Ngazi ya kwanza, Technician, ina maswali 35 ya kuchagua, ukipata 26 umefaulu. Maswali yote na majibu yake yako wazi mtandaoni, kwa hiyo yasome hayo hayo. Mtihani wa Morse, alama za nukta na vistari, uliondolewa tangu 2007. Kikokotoo ruksa, ila watahakikisha umefuta kumbukumbu yake, simu unazima.

Ada ya mtihani hutegemea kundi linalouratibu: ARRL dola 15, Laurel bure kabisa. Ukishafaulu, FCC watakutumia barua pepe ulipe dola 35 ndani ya siku 10. Ichungulie hata kwenye spam, maana zikipita ombi linafutwa.