Unahitaji Usingizi wa Saa Ngapi? Pima, Usikisie

Msomaji ameniandikia wiki hii kwamba hulala saa 5 kwa usiku, amezoea, na hana shida yoyote. Ushahidi alioutoa ni mmoja: akigusa mto tu, amelala fofofo. Ndugu yangu, hapo ndipo ulipojifunga. Mtu aliyeshiba usingizi huchukua kama dakika 10 hadi 20 tangu kuzima taa mpaka kulala. Anayezama chini ya dakika 5 kila siku, mwili wake unadai.

Neno "nimezoea" ndilo linalowaponza wengi. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha jaribio ambalo watu walipewa saa 4, 6 au 8 za kulala kwa siku 14 mfululizo. Waliopewa saa 6 walizidi kupoteza umakini siku hadi siku, na kufikia mwisho wa wiki ya pili wakawa wanakosea kama mtu aliyekesha usiku kucha. Wa saa 4 walifanana na mtu aliyekesha siku mbili. Sasa sikia hili: walipoulizwa wanajisikiaje, uchovu waliokiri kuuona ulipanda siku za mwanzo, kisha ukabaki karibu palepale. Umakini ukaendelea kuporomoka, wenyewe hawana habari. Ndiyo maana simuulizi mtu anajisikiaje. Namwambia apime.

Viwango vya jumla vipo. Mtu mzima ni saa 7 hadi 9, aliyevuka miaka 65 ni saa 7 hadi 8, kijana wa miaka 14 hadi 17 ni saa 8 hadi 10, mtoto wa shule ni saa 9 hadi 11. Lakini kati ya saa 7 na 9 pana nafasi kubwa sana. Wa saa 9 akijilazimisha saa 7, kila wiki anabaki na pengo la saa 14.

Kujipima kunataka siku 14 usizolazimika kuamka kwa kengele, kwa mfano wakati wa likizo. Chagua saa moja ya kuzima taa, tuseme saa 4 na nusu usiku, na uishike hiyohiyo siku zote 14, Jumamosi ikiwemo. Zima kengele. Ziba mwanga wa alfajiri dirishani, maana jua likikuamsha utakuwa umepima jua. Pombe weka kando: huharakisha kulala, kisha huukatakata usingizi wa nusu ya pili ya usiku. Kahawa mwisho saa 6 mchana, kwa sababu kafeini huchukua takriban saa 5 kupungua nusu tu mwilini, na kwa wengine zaidi. Usilale mchana.

Kila asubuhi, ukishaamka, andika mambo manne: ulizima taa saa ngapi, unadhani ulichukua dakika ngapi kulala, ulikaa macho muda gani katikati ya usiku, na uliamka saa ngapi. Kadiria tu. Toka kuzima taa mpaka kuamka, ondoa dakika za kutafuta usingizi na za kukaa macho; kinachobaki ndio muda uliolala. Ukianza kuchungulia saa gizani, huko kuchungulia kwenyewe kutakunyima hata lepe la usingizi.

Siku 4 au 5 za mwanzo huenda ukalala saa 9, hata 10. Usishtuke, na usizihesabu. Hilo ni deni linalipwa. Wengi huishia hapo wakisema, "Kumbe mimi nahitaji saa 10!" Subiri. Baada ya hapo hesabu hutulia. Chukua siku 7 za mwisho. Tuseme zimekuja hivi: 7:40, 7:30, 8:00, 7:45, 7:20, 7:50, 7:35. Jumla ni dakika 3,220. Gawa kwa 7, unapata dakika 460, yaani saa 7 na dakika 40. Hicho ndicho kipimo chako.

Kosa linalofuata ni kuchukua hizo saa 7 na dakika 40 kama muda wa kuwa kitandani. Hata mlalaji mzuri hulala kama asilimia 85 hadi 90 ya muda aliojilaza. Unaobaki ni wa kutafuta usingizi na kugeukageuka. Kwa hiyo dakika 460 za usingizi zinadai angalau saa 8 na nusu za kitanda. Ukiamka saa 12 asubuhi, uwe umejilaza saa 3 na nusu usiku. Kama sasa unalala kwa saa 5 tu, usiruke kwa siku moja: wahi kujilaza kwa dakika 15 zaidi kila baada ya siku 2 au 3.

Wale wanaosema watafidia Jumapili, tazameni mnachokikata. Usingizi huenda kwa mizunguko ya takriban dakika 90. Usingizi mzito hujazana mwanzoni mwa usiku, na ule wa ndoto, macho yakichezacheza chini ya kope, hujazana kuelekea alfajiri. Ukikatisha saa 2 za mwisho kati ya 8 umepoteza robo ya usingizi wote, lakini sehemu kubwa zaidi ya ule wa ndoto. Na ukilala Jumapili mpaka saa 5 asubuhi, usiku wake usingizi hauji, Jumatatu unaanza na deni jipya.

Wapo kweli waliozaliwa na usingizi mfupi. Mwaka 2009 timu ya mtafiti wa jeni Ying-Hui Fu, wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, ilieleza badiliko la jeni ya DEC2 kwa watu wa familia moja waliotosheka na takriban saa 6. Ni wachache mno, na alama yao ni rahisi: hata likizoni, bila kengele, huamka wenyewe wakiwa wepesi. Ukihitaji kengele mbili na kahawa, wewe si mmoja wao.

Kipimo hiki hakimfai kila mtu. Mwenye kukosa usingizi, anayejilaza akabaki macho saa nzima, akiongeza muda wa kitanda atazidi kuharibu. Yeye huhitaji kuupunguza kwa mpango, akisimamiwa na mtaalamu. Na ukilala saa 8 kamili ukaamka na kichwa kizito, kinywa kikavu, ukasinzia kwenye kiti kabla ya mchana, basi tatizo haliko kwenye idadi ya saa. Muulize unayelala naye chumba kimoja kama unakoroma, kisha unanyamaza sekunde 10 au zaidi bila kupumua, halafu unashtuka ukitweta. Akisema ndiyo, nenda kwa daktari wiki hiihii, na mpaka akuone usishike usukani ukiwa unasinzia.