Gitaa la zamani au gitaa la kizamani?

SWALI: Naandika makala kuhusu magitaa ya umeme. Nimetaja gitaa lililotengenezwa mwaka jana kwa kufuata umbo la mwaka 1954, nikaliita "gitaa la kizamani". Mhariri wangu amefuta ki-, akaacha "gitaa la zamani". Anasema kizamani ni kejeli. Nani kapatia?

JIBU: Ki- hiyo haikustahili kufutwa, ingawa naielewa hofu ya mhariri.

"La zamani" hujibu swali la lini. Stratocaster iliyotoka kiwanda cha Fender mwaka 1954 ni gitaa la zamani. La mwaka jana, hata lifanane nalo kama pacha, si la zamani hata chembe. Bado linanuka vanishi. Ki- hujibu swali la vipi. Mtu hupika kipwani akiwa Dodoma, na kiwanda hutengeneza kizamani mwaka huu huu.

Chukua Les Paul, gitaa la kiwanda cha Gibson lililotoka mwaka 1952. Mauzo yalipozorota, mwaka 1961 kiwanda kikaja na umbo jingine, jembamba, lenye pembe mbili. Baadaye jina la Les Paul likaondolewa humo, umbo hilo likabaki kuitwa SG. Wapigaji nao wakawa wanayasaka yale ya mwanzo, hadi mwaka 1968 Gibson ikalirudisha umbo la awali. Dukani mwaka ule, hilo lilikuwa gitaa jipya la kizamani. Leo limeshakuwa la zamani pia. Ukifuta ki-, tofauti hiyo utaielezaje?

Sasa hofu ya mhariri. Kizamani huuma. Ukiambiwa una simu ya kizamani, hujasifiwa. Kwenye makala inayosifu gitaa, mimi ningeandika "gitaa jipya la muundo wa zamani": upya unabaki kwenye gitaa, uzamani unakwenda kwenye muundo, na hakuna anayenuna.

Usikimbilie "gitaa la asili", msomaji atadhani unazungumzia zeze. "Kongwe" nalo halifai, maana ukongwe hupatikana kwa miaka, kama tunavyosema mwanamuziki mkongwe. Na "kuukuu" ni la kuchakaa kwa kutumika. Hapa kuna kichekesho: tangu mwaka 1995 Fender huuza magitaa mapya yaliyochubuliwa rangi makusudi ili yaonekane yamepigwa miaka arobaini, na watu huyalipia zaidi. Hayo si makuukuu, yamechakazwa tu.

Kabla hujarudisha makala, hakikisha uzamani wa gitaa lako uko wapi hasa. Stratocaster ya 1954 ilikuwa na swichi ya kuchagua mlio, yenye vituo vitatu. Wapigaji wakagundua kwamba ukiikwamisha swichi katikati ya kituo na kituo, unapata mlio mwingine mtamu. Mwaka 1977 kiwanda kikawapa swichi ya vituo vitano. Kama gitaa unaloliandikia lina umbo la 1954 na swichi ya vituo vitano, hata "muundo wa zamani" umezidisha. Andika "umbo la zamani", swichi itaje peke yake.

Na aya ya pili ya makala yako ina "gitaa hii". Mtaani sawa, ila kwenye makala andika gitaa hili, magitaa haya.