Laini ya stimu (mvuke) inavuja flenji kila asubuhi, tuichomelee kwenye sapoti?

SWALI: Habari injinia. Tuna laini ya stimu inchi 4, imenyooka mita 40 kutoka boila, presha bar 10. Kila tukiwasha asubuhi flenji, yaani viungo vya bomba vinavyofungwa kwa bolti, zinavuja, gasketi za katikati yake tumebadilisha mpaka tumechoka, na sapoti moja imeng'oka ukutani. Fundi anasema tuweke bomba nene zaidi, daraja la unene linaloitwa shedyuli 80, halafu tulichomelee kwenye sapoti zote litulie. Ni sawa?

JIBU: Hapana, na tafadhali mzuie kabla hajawasha hiyo mashine ya weldingi. Hili la kulifunga bomba litulie nakutana nalo kila mara na linanikera kweli, maana bomba la moto halitulizwi, linapewa nafasi.

Piga hesabu mwenyewe. Stimu ya bar 10 kwenye geji ina joto la nyuzi 184 hivi, bomba likilala usiku linarudi labda 25, kwa hiyo tofauti ni kama 160. Chuma cha kawaida kinarefuka milimita 0.012 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja, zidisha kwa mita 40 unapata karibu milimita 77. Ingekuwa stenlesi ingefika kama 109. Sasa hizo milimita 77 huyo fundi anataka ziende wapi?

Ukilibana pande zote, mkazo ndani ya chuma unapita megapaskali 380 wakati chuma cha A106 gredi B, kile cha kawaida cha mabomba ya stimu, kinaanza kuvutika bila kurudi kwenye 240, na mkazo huo haujali unene hata kidogo. Unene unachoongeza ni nguvu ya kusukuma: shedyuli 80 ina chuma karibu asilimia 40 zaidi ya shedyuli 40, kwa hiyo anka, yaani vishikio vinavyolikaza bomba lisisogee kabisa, na ukuta wako vitasukumwa zaidi, yaani unalipa hela nyingi ili ung'oe sapoti nyingine. Na gasketi hazina kosa lolote, zinavuja kwa sababu flenji zinapindwa kila asubuhi mkiwasha na kila jioni mkizima.

Kinachotakiwa ni anka mbili imara mwanzo na mwisho, lupu katikati, yaani bomba linatoka pembeni, linakwenda mbele, linarudi, kona nne, na sapoti zilizobaki ziache bomba liteleze mbele na nyuma bila kuyumba pembeni. Vipimo vya lupu vipigiwe hesabu, sio kukisia kwa macho. Ilazeni, msiisimamishe, maana ikisimama maji yanajikusanya chini yake na stimu ikiyasukuma mtasikia bomba linagonga kama nyundo.

Mkimaliza na huyo, atakuja mwingine na belosi, ile shingo ya bati yenye mikunjo, atawaambia kata bomba weka hii basi kazi imeisha. Belosi ni kitu kizuri kikiwekwa na anayejua, ila presha inajaribu kuivuta mpaka inyooke, na kwa inchi 4 kwenye bar 10 hiyo ni zaidi ya tani moja, sasa kama hakuna anka za kuibeba na vishikio vya kuliongoza bomba liteleze moja kwa moja, cha kwanza kisizidi kipenyo cha bomba mara 4 kutoka kwenye belosi na cha pili mara 14 kutoka hicho cha kwanza, belosi inapinda pembeni na inapasuka. Mtu anayewauzia belosi na hajauliza joto, urefu wala anka ziko wapi, msimruhusu aguse laini. Wapo pia wanaosema kuvalisha bomba koti la kuzuia joto lisipotee kunazuia kutanuka, uongo mtupu, likivalishwa chuma kinabaki cha moto zaidi.

Na msikaze bolti za flenji inayovuja wakati laini ina presha, naona watu wanafanya hivi kila mahali. Stimu ikitoka kwenye tundu, pale karibu na tundu haionekani, wingu jeupe mnaloliona ni mbele yake, na mkono wa mtu mwenye spana unapita hapohapo. Zimeni, subirini ipoe, presha iishe kabisa, ndipo mguse.