Barua kwa Mama Mizani: Kibaigwa, mji unaoishi kwa gunia

Mbukwenyi wasomaji. Toleo lililopita niligusia tu mji ninakoishi, nikasema sembe mnayosonga huko Dar huenda ilipita Kibaigwa kabla ya kufika kwa Mangi wenu. Mhariri anasema barua zimemjazia meza. Nimechagua hizi saba. Waliouliza bei ya mahindi sokoni leo wanisamehe. Gazeti likifika mikononi mwenu, bei itakuwa imeshahama.

Shikamoo Mama Mizani. Huwa napita hapo na basi la Dodoma, naona maduka na malori tu. Kibaigwa ni mji, kijiji, au kituo cha mabasi? (Kijana wa Mbagala)

Marahaba mwanangu. Kwa sheria ni mji mdogo. Tupo ndani ya Halmashauri ya Wilaya ya Kongwa, mkoa wa Dodoma. Tuna mwenyekiti wetu wa mamlaka na mtendaji wetu, na chini yao kuna vitongoji, si mitaa kama huko kwenu Temeke. Ukitoka Morogoro unapita Dumila, Gairo na Pandambili, ndipo unatufikia. Ukiona njia panda ya Mbande, ile ya kwenda Kongwa na Mpwapwa, ujue umepitiliza. Makao makuu ya wilaya yako huko Kongwa, mji uliotulia, wenye miti na ofisi. Fuso na semi zimekaa kwetu barabarani, na wenzetu wa Kongwa tunawatania kwa hilo kila tukikutana.

Ulichokiona dirishani ni nyanya, vitunguu na mahindi ya kuchoma. Siku moja shuka, mwezi wa saba hivi, uingie soko la mazao lenyewe. Utakuta marundo ya mahindi juu ya maturubai, kina mama wanapepeta, vijana wanashona magunia kwa shazia, na juu ya yote vumbi la pumba linalokaa kwenye nyusi mpaka jioni.

Mama, shuleni tulifundishwa kwamba Dodoma ni nchi ya ukame na mtama. Hayo mahindi mnayatoa wapi? (Mama wa Korogwe)

Mengine mnatuletea nyinyi wenyewe, dada yangu. Handeni na Kilindi ni mkoa wenu wa Tanga, na mahindi yao mengi yanashukia hapa. Mengine yanatoka Kiteto mkoani Manyara, mengine Gairo, na yaliyobaki ni ya Kongwa hii hii. Mwalimu wako hakukudanganya. Mvua yetu ni ya msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili, na mwaka wa kawaida haizidi sana milimita 600. Katikati, Februari, inaweza kukata wiki mbili tatu wakati mahindi ndiyo yanatoa mbelewele, na hapo msimu umekwisha hata kama Machi itanyesha mpaka mifereji ifurike. Kibaigwa hailimi kiasi inachouza. Ilichojaliwa ni barabara.

Mimi shambani kwangu nusu napanda uwele, na majirani wananicheka kwamba nakula chakula cha bibi. Uwele unavumilia Februari. Mahindi ni zao la kuuza lililogeuka kuwa chakula cha heshima, na heshima hiyo imewalaza watu njaa. Alizeti nayo inastahimili kuliko mahindi, ndiyo maana mashine za kukamua mafuta zimeenea huku.

Na kwa kuwa umeuliza yanakotoka, nisiruke jambo moja. Januari 2014 huko Kiteto wakulima na wafugaji waliuana kwa kugombea ardhi ya hifadhi ya Emboley Murtangos. Baadhi ya waliokuwa wakilima kule walitoka wilaya hii. Gunia likifika sokoni halina alama ya shamba lilikotoka, na wanunuzi hawaulizi.

Shikamoo Mama. Nina mtaji kidogo, nataka kuanza kununua mahindi Kibaigwa niyauze Dar. Nianzie wapi, na niogope nini? (Mdogo wako, Kimara)

Marahaba mdogo wangu. Ogopa jicho lako kwanza. Gunia lililoshonwa vizuri linapendeza, nawe huoni cha ndani. Nunua bambo, kile chuma chenye ncha na mfereji kinachochomwa kwenye gunia kikatoa punje. Usichome juu peke yake. Choma ubavuni, choma chini, gunia moja baada ya jingine, na muuza akinuna mwache anune. Ukitoa punje zenye vumbi jeupe, huyo ni dumuzi, mdudu anayekula punje, ambaye watu huku wanamwita Skania, kama lile lori. Aliingia nchini miaka ya sabini mwishoni, akaanzia upande wa Tabora, na tangu hapo hakuna ghala asilolijua.

Pili, kipimo. Gunia kisheria lisizidi kilo 100, nawe utakutana na lumbesa: gunia limejazwa, likaongezewa kilemba cha wavu juu, likahesabiwa moja. Anayelia ni mkulima, kwa hiyo wewe mnunuzi utajiambia hiyo ni faida yako. Sikiliza. Mkulima aliyepunjwa kwa lumbesa naye ana mbinu zake. Atakuuzia mahindi yenye unyevu, maana maji nayo yana uzito, au atachanganya ya mwaka jana na ya mwaka huu. Nimekaa sokoni hapa miaka mingi, na sijaona mnunuzi wa lumbesa aliyeuziwa mahindi masafi misimu miwili mfululizo. Pima kwa mizani, lipa kwa kilo, mtu akurudie mwakani.

Tatu, madalali. Wasomi wanawasema vibaya, mimi siwasemi vibaya wote. Mgeni bila dalali hapati mzigo wa fuso nzima kwa siku moja, wala hapati wapagazi. Ila patana ujira wake kabla hajakuonyesha gunia hata moja, tena mbele ya mtu wa tatu. Dalali anayekwambia "tutaelewana tu, bosi" ameshakuelewa.

Nne, msimu. Juni hadi Agosti bei iko chini, kwa sababu kila mtu anauza: ada za shule, madeni ya palizi, harusi. Kuanzia Desemba inapanda. Ukiwa na ghala kavu, faida iko kwenye kusubiri. Lakini usiweke mtaji wote kwenye kusubiri, na hasa usikope ili usubiri. Mwaka 2017 serikali ilizuia mahindi kuvuka mpaka, bei ikaporomoka, na wale waliokuwa wamejaza maghala kwa mikopo niliwaona wakiuza hadi pikipiki. Soko letu linalisha Dar, na linalisha pia Kenya na nchi nyingine jirani. Mpaka ukifungwa Namanga, homa tunaisikia Kibaigwa siku hiyo hiyo.

Na wale kina mama wanaopepeta, walipe jioni ile ile. Usiwaambie kesho.

Assalam alaykum Mama Mizani. Sisi huku tuliambiwa mahindi ya Tanzania yana sumu, hata yakazuiwa. Ni kweli, au ni siasa za mpakani? (Bwana wa Kisauni, Mombasa)

Waalaykum salam kaka yangu. Yote mawili. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka, na baada ya siku chache ikafungua kwa masharti. Wafanyabiashara hapa walikasirika, wakasema ni wivu. Mimi nilikumbuka mwaka 2016, watu walipougua macho yakawa ya manjano, matumbo yakajaa maji, na wengine wakafa, hapa hapa Dodoma na Manyara. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi yao wenyewe. Na kwenu, mwaka 2004 huko Ukambani walikufa watu zaidi ya 100. Ukungu huu hauombi pasi ya kusafiria.

Unaanzia shambani mahindi yakipigwa na ukame, kisha unanawiri ghalani mahindi yakihifadhiwa mabichi. Kupika hakuiondoi sumu yake. Kukoboa kunapunguza sehemu, ndiyo maana dona, ambayo tunaisifia kwa afya, ni salama pale tu mahindi yenyewe yalipo salama. Chagua punje, zilizooza, zilizosinyaa na zilizobadilika rangi usimpe hata kuku. Karanga vivyo hivyo.

Unyevu wa kuhifadhia usizidi asilimia 13.5. Huna kipimo? Chukua chupa kavu yenye mfuniko, tia mahindi kikombe kimoja na kijiko cha chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha acha itulie. Chumvi ikiganda kwenye chupa, rudisha mahindi juani. Yakikauka, yatie kwenye ile mifuko ya kinga njaa, yenye nailoni mbili ndani na salfeti nje, kila tabaka ulifunge peke yake. Hewa ikiisha humo ndani, Skania naye anaisha. Sasa hapa wilayani, Mtanana, serikali imejenga kituo cha kushughulikia mazao baada ya kuvuna kwa ajili ya sumukuvu hii hii. Mimi nitakipima kwa jambo moja: siku mkulima mwenye magunia matano atakapohudumiwa sawasawa na tajiri mwenye semi.

Nikifika huko nile nini? (Msafiri, Mwanza)

Ugali wa uwele na mlenda. Kama mlenda unakushinda, nyama choma ipo. Hii ni nchi ya mifugo.

Mama, nafundisha historia. Je, ule mradi wa karanga wa Waingereza ulikuwa huko kwenu, na umebakiza nini? (Mwalimu, Songea)

Ulikuwa Kongwa, Mwalimu, na pia Urambo na Nachingwea. Baada ya vita Uingereza ilikuwa na njaa ya mafuta ya kula, ikapanga kufyeka ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa za Tanganyika, zipandwe karanga. Walianza Kongwa mwaka 1947. Walileta matrekta chakavu ya jeshi na hata vifaru vilivyogeuzwa matrekta. Vichaka vyetu vina mizizi iliyovunja majembe yao, na udongo wa huku kiangazi unakuwa sakafu, karanga huwezi kuing'oa. Halafu mvua haikuja. Januari 1951 mradi ukafutwa, ukiwa umekula pauni zipatazo milioni 36.

Wanafunzi wako watacheka, nawe waache wacheke. Ila waambie pia kwamba Wagogo walikuwa wanalima karanga hizo hizo, kidogo kidogo, pembeni ya uwele, na mpaka leo karanga zinauzwa Kibaigwa kwa debe. Kilichoshindikana ni kulima kwa amri ya mtu aliyeiona ardhi kutoka angani.

Kilichobaki: sehemu ya ardhi ni ranchi ya taifa yenye ng'ombe wa Boran, na pana kituo cha utafiti wa malisho. Na miaka ya sitini, Kongwa ile ile ikawa kambi ya wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika. FRELIMO walifanya mazoezi pale, Samora Machel akiwemo, pamoja na ANC, SWAPO, MPLA na ZAPU. Ukileta wanafunzi, walete Kongwa kwanza, sokoni mje mchana kula.

Mama Mizani, baba yangu yuko Kiteto. Nataka anitumie magunia manane ya chakula cha nyumbani. Naambiwa nitatozwa ushuru kila geti. Ni kweli? (Binti wa Kibaha)

Hapana mwanangu. Tangu bajeti ya 2017/18, mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine hautozwi ushuru wa mazao. Magunia manane ya kilo 100 ni kilo 800, uko ndani. Lakini yawe ya kilo 100 kweli, yasiwe lumbesa, maana manane ya lumbesa yanaweza kufika au kupita tani, nawe utakuwa umempa mtu wa geti sababu ya kukusimamisha. Mwambie baba ayapime kabla hayajapakiwa na aandikiwe karatasi ya uzito. Dereva awe nayo mkononi, siyo chini ya magunia. Akidaiwa fedha, aombe stakabadhi ya mashine kabla ya kulipa chochote, na akinyimwa, apige simu ofisi ya mkurugenzi wa halmashauri hiyo hapo hapo getini, kwa sauti ya kusikika.