Mwamba ngoma huvutia kwake: alama mlizozipa kamera zenu

Mwezi uliopita niliwaomba ninyi mnaopiga picha kwa mapenzi tu, si kwa kazi, mfungue mifuko yenu na kukipa kila kifaa alama, 1 hadi 10, pamoja na sababu. Barua nyingi zina ugonjwa mmoja: kifaa kilichonunuliwa juzi kina 9, kilichonunuliwa kwa deni kina 10. Mwamba ngoma huvutia kwake, sishangai. Nimechagua zile zenye swali ndani yake, maana kumsaidia mtu kusifia lenzi yake si kazi yangu.

Shikamoo kaka. Nina Canon 600D ya mtumba na ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo. Bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, nimeipa 5, lenzi 8. Mchana picha safi, ila kwenye sendofu na harusi za usiku zinatoka na chenga au zimetikisika. Nikiuza nichukue bodi mpya, nitapona? (Msomaji, Tanga)

Marahaba. Alama zako umezisimamisha kichwa chini, miguu juu.

600D ilitoka 2011 ikiwa na megapikseli 18, yaani picha ya nukta 5184 kwa 3456. Kusafisha picha ya A4 iliyokolea vizuri kunahitaji nukta 3508 kwa 2480. Hata A3 unakaribia kuijaza. Sasa niambie, mara ya mwisho kupeleka A3 studio ilikuwa lini? Bodi haijakukosea.

Anayekukosea ni huyo uliyempa 8. Ukiivuta 18-55 hadi mwisho, tundu lake la kupitishia mwanga halifunguki kupita f/5.6 (namba ikipungua, tundu linapanuka). Lenzi ya milimita 50 yenye f/1.8 inapitisha mwanga karibu mara kumi zaidi. Pale ulipolazimika kupandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 6400 na kuvuna chenga, sasa utapiga kwa 640 au 800, na mkono wako hautakuwa umetulia zaidi wala kidogo kuliko jana. Hakuna bodi ya mtumba ya bei hiyo itakayokupa nafuu hiyo.

Sokoni utakutana na matoleo mawili ya Canon. La 1990 ni plastiki tupu hadi pale inapofungwa kwenye kamera, na likitafuta fokasi hulia kama nyuki ndani ya kopo. La 2015, lenye herufi STM, lina shingo ya chuma na sauti ya chini. Ongeza hela kidogo uchukue hili la pili.

Lakini sikiliza. Sensa ya 600D ni ndogo kuliko fremu ya mkanda wa zamani, hivyo 50 yako itaona kama 80, yaani eneo finyu zaidi. Sebuleni kwa watu utajikuta umegandamana na ukuta huku nusu ya familia iko nje ya picha. Kwa picha za kundi rudi kwenye 18-55 na mwanga wa fleshi. Na usiing'ang'anie f/1.8 kila saa: jicho la bibi harusi litakuwa kali, hereni yake imeyeyuka. Watu wawili, funga hadi f/2.8.

Mimi ningeandika hivi: bodi 7. Lenzi ya 18-55 mchana 7, usiku 3. Ndiyo, kifaa kimoja kinaweza kupata alama mbili. Wengi mlioniandikia mngetumia karatasi ndefu zaidi kama mngekubali hilo.

Mwalimu, niko Nairobi. Nilinunua lenzi ya Nikon 50mm f/1.8D pale mtaa wa Luthuli, nikaifunga kwa D5300 yangu. Haifokasi kabisa. Nimeipa 2 na nashuku niliuziwa feki. (Msomaji, Nairobi)

Si feki. Umewaozesha mke na mume wasiojuana lugha. Lenzi za Nikon za herufi D zisizoandikwa AF-S hazina mota ndani, zinategemea kijiti kinachozungushwa na mota ya bodi. D90 na D7000 wanayo. Kamera zote za safu ya D3000 na D5000 hazina, na yako imo humo. Ulitakiwa kununua ile ya AF-S yenye herufi G.

Kabla hujarudi kugombana na muuzaji, jaribu hivi: zungusha fokasi kwa mkono huku ukitazama kitone cha kijani chini kushoto ndani ya kioo cha kuchungulia. Kikitulia, uko sawa. Mtu aliyekaa ananasika bila shida. Mtoto anayekimbia, sahau. Lenzi ni 8, ndoa ni 2.

Assalamu alaykum. Ndani ya lenzi yangu ya 70-200 nimeona nyuzi nyeupe kama utando wa buibui. Nilikuwa nimeipa 10. Niipunguzie ngapi, na je, itaambukiza nyingine? (Msomaji, Unguja)

Waalaykumu salaam. Pole. Hiyo ni kuvu, na sisi wa pwani ndio tunaoifuga bila kujua.

Kwanza ipime. Fungua tundu la lenzi lote, washa tochi ya simu upande wa nyuma, chungulia kwa mbele ukiinamisha kidogo. Nyuzi chache pembezoni mwa kioo cha mbele hazionekani kwenye picha, labda ukipiga kuelekea jua, ndipo rangi zitafifia kama umevuta pazia jepesi. Nyuzi zilizotanda kwenye kioo cha nyuma ni habari nyingine. Hapo punguza hadi 4 na umtafute fundi anayefungua lenzi, tena mapema, kwa sababu kuvu hutoa asidi inayokula ule mpako wa rangi juu ya kioo. Ikishakula, fundi atafuta kuvu lakini alama itabaki, kama chai kwenye kanzu nyeupe.

Kuambukiza? Mbegu za kuvu ziko hewani kila mahali, na lenzi zako zisizo na ugonjwa huenda tayari zinazo. Kinachoamua ni unyevu. Hewa ikikaa juu ya asilimia 60 au 65 siku nyingi, gizani, bila kupigwa na upepo, umeifungulia mlango. Hata hivyo mgonjwa mimi humlaza chumba chake.

Tiba ya maskini ninayoiamini ni kontena la plastiki la kuhifadhia chakula, lile lenye mpira kwenye kifuniko, pamoja na silika jeli na kipima unyevu kidogo cha betri. Unataka kipimo kisome kati ya 40 na 50. Vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu vimeshashiba unyevu kabla hujavaa viatu, havikusaidii. Nunua chembe zinazobadilika rangi. Za rangi ya machungwa zikigeuka kijani, zimejaa: ziweke kwenye oveni ya moto mdogo, kama nyuzi 120, mpaka rangi irudi. Mchele achana nao. Utakuachia vumbi la wanga, na wanga ni chakula.

Mfuko wa ngozi nao ni adui. Nilikuwa na lenzi ya 135 niliyoipenda kupita kiasi, nikaitunza ndani ya mfuko wake wa ngozi, ndani ya kabati, masika nzima, ili isichakae. Nilipoitoa kulikuwa na bustani ndani. Ile 18-55 niliyokuwa naitupa mezani bila kifuniko na kuipiga kila wiki haikuwa na doa. Ya 135 nilikuwa nimeipa 10, kwa hiyo tuko wawili.

Niko Muscat. Kila nikitoka kwenye gari lenye kiyoyozi kupiga picha baharini, lenzi inajaa ukungu, nafuta, unarudi. Kamera nimeipa 4 kwa sababu hiyo. Nitabadilisha aina gani? (Msomaji, Muscat)

Usibadilishe, hata ya milioni ishirini itafanya vilevile. Kioo cha baridi kikikutana na hewa ya joto yenye unyevu, maji lazima yatue juu yake, kama gilasi ya sharubati mezani. Kamera iache ndani ya begi lililofungwa zipu, liweke begi nje au kwenye buti kama nusu saa kabla ya kupiga, ndipo ufungue. Usibadili lenzi wakati ukungu upo, utaukaribisha mpaka kwenye sensa. Ukienda Salalah wakati wa khareef, msimu wa mvua wa huko, manyunyu yake ni suala jingine: hapo ndipo bodi yenye mipira ya kuzuia maji inapostahili alama zake, mradi na lenzi nayo iwe na mpira kwenye shingo. Wengi hununua bodi ya namna hiyo na kuifunga lenzi isiyo nao. Ni kama kuvaa koti la mvua na ndala.

Filta ya UV nimeipa 9 kwa sababu inalinda lenzi. Niko sawa? (Msomaji, Dodoma)

Kuzuia UV, ile mionzi ya jua isiyoonekana kwa macho, 1, kwa sababu sensa za kidijitali tayari zina kizuizi chake, na filta hiyo ilikuwa na maana zaidi enzi za mkanda. Kuzuia mchanga na chumvi ufukweni kwenye upepo, 7. Usiku barabarani, filta ya bei rahisi inakupa taa za bandia zinazoelea angani, na hapo ni sifuri. Nunua kofia ya lenzi, ile ya kukinga mwanga wa pembeni (hood), si kifuniko.

Babu ametuachia kamera ya Zenit-E na lenzi imeandikwa Helios 44-2. Fundi mmoja anasema ni chuma chakavu, mwingine anataka lenzi tu. Naweza kuifunga kwenye Nikon yangu? (Msomaji, Moshi)

Huyo wa pili ndiye anayejua. Usimpe.

Zenit-E ni kazi ya Warusi wa Kisovieti, ilianza kutengenezwa 1965 huko Krasnogorsk karibu na Moscow. Haitumii betri hata moja. Helios yake ni 58mm yenye f/2, na wapenzi wa picha huitafuta kwa kasoro yake: ukipiga mtu kwa karibu tundu likiwa wazi kabisa, na nyuma yake kuna majani yanayopenya mwanga, majani hayo huzunguka kama maji yanayoingia kwenye shimo. Migomba ya Moshi ingefaa mno.

Sasa habari mbaya. Lenzi hiyo ni ya skrubu, M42, na imetengenezwa kukaa milimita 45.46 kutoka kwenye filamu. Kwenye Nikon, kutoka pale lenzi inapofungwa hadi kwenye sensa ni milimita 46.5. Umeshachelewa milimita moja kabla hujaanza, hivyo vya karibu utavipata, lakini Kilimanjaro kule mbali hautafokasi kamwe, labda ununue adapta yenye kioo ndani, ambayo huharibu picha kidogo. Kwa Canon ni milimita 44, adapta nyembamba ya chuma inatosha. Kwa zile kamera mpya zisizo na kioo cha kupindua hakuna shida, adapta ni bomba tu. Jua pia kuwa sensa ndogo hukata pembezoni, na ule mzunguko unakaa pembezoni.

Lakini kwa nini usiweke mkanda humo humo? Kipima mwanga cha Zenit huenda kimeshachoka, usikitegemee. Jua likiwa kali, weka f/16, shata 1/250 kwa mkanda wa ISO 200, na utapata picha. Wingu likija, fungua hadi f/8. Thamani ya pesa, 5. Kwako wewe, mpe babu alama mwenyewe.

Muuzaji wa Nikon D7000 anasema imepiga picha 8,000 tu, na faili la mwisho limeandikwa DSC_8012. Nimeipa 9 hata kabla ya kulipa. (Msomaji, Eldoret)

Rudisha hiyo 9 mfukoni. Namba ya faili ikifika 9999 huanza upya, kwa hiyo 8012 inaweza kuwa 8,012, au 78,000 na ushei, au imeshaanzishwa upya kwa makusudi. Nikon huandika hesabu ya kweli ndani ya kila faili. Piga picha moja hapo hapo mbele yake, ihamishe bila kuihariri wala kuituma WhatsApp, uisome kwa programu ya kuonyesha taarifa za picha. Shata ya D7000 ilijaribiwa hadi mara 150,000. Ikisoma 40,000 mtu asikutishe. Ikisoma 140,000, jadili bei. Canon nyingi haziandiki hesabu hiyo kwenye picha, inabidi kuunganisha waya kwenye kompyuta. Tazama pia mpira wa kushikia na pale fleshi inapochomekwa. Kamera ya picha 8,000 haiwezi kuwa imekwanguka hapo hadi chuma cheupe.

Kadi yangu imeandikwa 170MB/s lakini video inakatika. (Msomaji, Bujumbura)

170 ni kasi ya kusoma. Wewe unaandika. Tafuta alama ya V30 kwenye kadi, maana yake kasi ya kuandika haishuki chini ya 30MB kwa sekunde. Kama tayari ni V30, jaza kadi nzima kwa programu ya kupima kadi, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux. Kadi feki huumbuka hapo, na heri iumbuke nyumbani kuliko kwenye harusi ya mtu.

Kaka, unatupangia alama sisi. Na mfuko wako je? (Wasomaji watatu tofauti, kama vile mlikubaliana)

Haya. Nikon D90 ya 2008, megapikseli 12: mchana 7, usiku 4. Lenzi ya 35mm f/1.8: 9, nimehesabu na robo tatu ya picha nilizowahi kusafisha na kugawa zimetoka humo. 55-200: 5, natoka nayo sikukuu hadi sikukuu. Fleshi: 6, ingekuwa 8 kama ningejifunza kuielekeza darini mapema kuliko nilivyojifunza. Betri ya bei rahisi niliyojiona mjanja kuinunua: 1, imevimba na sasa haitoki wala hairudi vizuri.

Tripodi niliipa 2. Ni nzito, nimeibeba safari mbili kwa miaka sita. Mke wangu alisoma karatasi nikiwa msalani, akakata 2 yangu na kuandika 10. Anaanikia kanga.