Ukiongeza jiko, anza na mwanga ndipo upange kabati

Wengi wanaoniuliza kuhusu jiko tulilolijenga nyuma ya nyumba yetu hapa Dar es Salaam huanza na kabati. Granaiti tulinunua wapi, milango ni ya mbao au ya MDF, rangi ile inaitwaje. Mimi huwarudisha nyuma kidogo. Kitakachoamua kama utafurahia kupika humo mwaka mzima ni mwanga, na habari ya mwanga huamuliwa kabla fundi hajachimba msingi.

Fikiria nyumba ya Kiswahili ya zamani, yenye koridoo katikati na vyumba huku na huku. Jiko lilikuwa uani. Moshi ulipanda juu ukaenda zake, na mpishi alikuwa na mwanga wa bure tangu alfajiri hadi magharibi. Hata nyumba zetu za siku hizi, zenye jiko la ndani, bado hupata hewa na mwanga mwingi kupitia ule ua wa nyuma. Sasa ukiongeza chumba pale, unakalia mlango wa mwanga wa nyumba nzima. Jiko jipya linaweza kung'aa huku koridoo na chumba cha kulia vikigeuka giza mchana kutwa. Nimeingia nyumba ambazo taa ya sebuleni huwashwa saa sita mchana, na ukitazama vizuri utaona alama ya dirisha la zamani lililozibwa kwa matofali pale nyongeza ilipoungana na nyumba.

Kwa hiyo kazi ya kwanza haina gharama. Mchana, zima taa zote, pita chumba hadi chumba, uone kila kimoja kinapata mwanga kutoka wapi. Kila dirisha litakaloguswa na ujenzi liandike, na mbele yake uandike chumba hicho kitapata mwanga wapi badala yake. Sisi tulifanya mambo mawili. Dirisha la jiko la zamani, pamoja na ukuta ulio chini yake, tuliligeuza uwazi mpana unaopitisha mwanga hadi kwenye meza ya chakula. Kwa kazi hiyo fundi lazima aweke linta mpya (boriti inayolala juu ya uwazi) ya zege na nondo kabla ya kubomoa, maana ukuta ule umebeba paa. Pili, hatukujenga upana wote wa nyumba. Tuliacha uwazi wa kama mita moja upande wa koridoo, usio na paa, ili dirisha la koridoo liendelee kupumua. Ndugu zangu waliona tunapoteza eneo. Leo pale pana ndoo za maua na kamba ya kuanikia vitambaa, na koridoo haina haja ya taa hadi jioni.

Angalia pia paa. Nyongeza nyingi huezekwa kwa paa la mteremko mmoja linaloanzia chini ya ukingo wa paa kubwa. Kadiri unavyojenga kwenda mbali na nyumba ndivyo paa linavyoshuka, na ukuta wa nje unaweza kuwa mfupi kiasi cha kukosa nafasi ya dirisha la maana. Mwombe fundi akuchoree nyongeza inavyoonekana kwa ubavuni, si ramani ya kutazamwa kutoka juu peke yake. Na kabla ya kuchora chochote, tafuta chemba za maji taka ziko wapi na uulize halmashauri kuhusu kibali cha ujenzi. Jiko lililokaa juu ya chemba ni mateso siku bomba likiziba.

Baada ya hapo tulichukua chokaa tukachora jiko lote chini, pale pale uani: kuta, meza ya kufanyia kazi, sinki, jiko la gesi, friji, mlango. Vipimo vya kawaida vinajulikana. Meza huwa na kina cha sentimita 60 na kimo cha sentimita 90 hivi, kabati za juu huanza sentimita 45 hadi 60 juu ya meza, na njia ya kupita kati ya pande mbili iwe sentimita 100 hadi 120. Lakini vipimo hivyo havikumfikiria mtu anayekuna nazi. Mama, ambaye ndiye hasa hupika, alileta mbuzi yake, akaikalia katikati ya mistari ya chokaa, akaweka sinia mbele, akamwambia fundi, "Haya, pita na ndoo." Fundi alijaribu kupita ubavu, akasimama. "Mama, hapa inabidi tuongeze." "Ongeza, baba. Mimi pangu ni hapa." Mstari ukasogezwa.

Fanya hivyo na wewe, na umweke mpishi halisi wa nyumba ndani ya mchoro. Mwambie ajifanye anapika wali wa nazi na samaki, tangu kutoa samaki kwenye friji, kuosha, kukata, hadi kuepua. Utaona anakatiza wapi, anageuka mara ngapi, na chungu cha moto kitapita karibu na mlango wa watoto au la. Usisahau nafasi ya pipa la maji na ndoo, maana maji hukatika, wala ya kiroba cha unga na sufuria kubwa za shughuli. Vitu hivi havimo kwenye picha za majiko tunazoziona mtandaoni, ndiyo maana huishia kulala sakafuni.

Madirisha yapangwe kwa jua na upepo wa hapa petu. Dirisha la magharibi jikoni ni adhabu: saa kumi jioni, wakati wa kuandaa chakula cha usiku, jua limeshuka na linaingia chini ya ukingo wowote wa paa utakaouweka. Madirisha ya kaskazini na kusini ni rahisi kuyakinga, kwa sababu adhuhuri jua letu huwa juu sana, likiegemea kaskazini mwezi Juni na kusini mwezi Desemba. Ukingo wa wastani unatosha. Upepo nao unajulikana. Kaskazi huvuma toka kaskazini-mashariki kuanzia Desemba hadi Machi hivi, kisha Kusi hutawala toka kusini-mashariki miezi ya katikati ya mwaka. Jiko lenye uwazi upande wa mashariki na mwingine upande wa pili, juu, karibu na dari, hutoa joto lenyewe. Sisi juu tuliweka matofali ya matundu yenye wavu wa mbu. Ukichagua madirisha ya alumini ya kuteleza, kumbuka kwamba yale ya vioo viwili hufunguka nusu tu, hivyo ongeza upana.

Jiko la gesi lisikae chini ya dirisha linalopokea upepo huo, kwani moto utayumba na huenda ukazimika huku gesi ikiendelea kutoka. Mtungi wetu wa kilo 15 uko nje, kwenye kibanda chenye mlango wa wavu, mbali na chemba na mifereji. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya shimoni. Ukilazimika kuuweka ndani, acha matundu ya hewa usawa wa sakafu, si juu pekee.

Sasa usiku. Mtindo uliozoeleka ni taa moja katikati ya dari. Simama mbele ya meza usiku katika jiko la namna hiyo, ushike kisu: taa iko mgongoni, na kivuli chako kimeangukia kitunguu unachokata. Hata ukifunga balbu kali kiasi gani, kivuli kitabaki, kitazidi tu kuwa cheusi. Taa za kazi ziwe juu ya ukingo wa mbele wa meza, yaani kama sentimita 60 kutoka ukutani, au zikae chini ya kabati za juu, upande wa mbele wa kabati, zikimulika meza bila kukupiga machoni. Mikanda ya LED inafaa, ila ifungwe ndani ya reli ya alumini yenye kifuniko, kwa kuwa alumini huondoa joto na kifuniko huzuia mafuta. Usiipitishe juu ya jiko la gesi. Kipoza umeme chake, yaani kile kiboksi kinachopunguza nguvu ya umeme unaoingia kwenye mkanda, kiwe mahali mkono unapofika, kwani hicho ndicho hufa kwanza.

Kisha soma boksi la balbu. Wati hukuambia umeme unaoliwa. Mwanga hupimwa kwa lumeni, na balbu ya LED ya wati 9 hutoa takriban lumeni 800. Herufi K huonyesha rangi ya mwanga. Balbu nyingi madukani ni 6500K, mweupe unaoelekea bluu. Namba ikishuka, mwanga huelekea manjano. Mimi nilichagua 4000K juu ya meza na 3000K upande wa kulia chakula, kila kundi na swichi yake. Tafuta pia alama ya CRI au Ra. Ikiwa 90 au zaidi, rangi zinaonekana kama zilivyo. Kwa anayekagua macho na mashavu ya samaki kabla ya kumpika, namba hiyo ina maana kuliko umbo la taa.

Nyaya zipangwe kabla ya plasta. Kwa kawaida taa hupata waya wa milimita za mraba 1.5 na soketi 2.5, kila upande na breka yake. Soketi moja ya ampea 13 hubeba takriban wati 3,000, hivyo birika na maikrowevu visishirikiane ekstensheni. Weka swichi ya njia mbili, mlango wa ndani na mlango wa uani, ili mwenye kubeba chungu asipapase gizani. Mwombe pia fundi umeme apitishe bomba tupu moja la ziada kwa ajili ya taa ndogo ya betri au sola, kwa zile jioni umeme unapokatika.

Kabla dari halijafungwa, ning'inizeni balbu kwa waya mahali palipopangwa, usiku, na mpishi asimame kwenye meza ya mbao za muda. Sogezeni mpaka mikono yake ionekane. Fedha ikipungua, ahirisha kabati za juu na granaiti. Meza ya zege yenye vigae itakutosha miaka kadhaa. Linta, matundu ya hewa na mabomba ya nyaya usiyaahirishe, kwa sababu hayo yakishafunikwa utayafikia kwa nyundo tu.